Mgonjwa wa kiharusi: tumwinue siku ya kwanza au tusubiri?

Fizio wa Wodini: Habari zenu wakuu. Wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi. Chuoni tulifundishwa kwamba kulala sana kunaleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni, kwa hiyo huwa nawatoa kitandani mapema na kuwakalisha muda mrefu. Sasa mwenzangu anasema kuna utafiti unaopinga. Ni kweli? Ndugu nao wananisukuma, wanataka baba yao atembee kesho.

Mama Viungo: Ni kweli mdogo wangu, ila usome hadi mwisho. Huo ni AVERT, ulitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015: wagonjwa 2,104, hospitali 56, nchi 5. Kundi moja lilianza ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi, jingine likapata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 kwa kundi la mazoezi mengi na 50 kwa kundi la kawaida. Lakini hata kwenye kundi la kawaida, zaidi ya nusu waliinuliwa ndani ya saa 24! Kwa hiyo usimwache mtu amelala wiki nzima kwa kisingizio cha AVERT. Takwimu hizohizo zilipochambuliwa upya, vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vilivyoendana na nafuu. Hicho kipindi chako kirefu ndicho cha kukatakata.

Kaka Tiba: Naongezea ya kitandani. Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amekaa, nyayo zimegusa sakafu. Mtazame usoni. Akipauka, akitoka jasho, au maneno yakizidi kukokota, mlaze na umwite daktari. Na jamani, msimvute kwa mkono uliopooza! Misuli ya bega imelegea, mfupa unateremka, na maumivu yake yatazuia mazoezi kwa miezi.

Fizio wa Wodini: Nashukuru sana, dada na kaka. Na hawa ndugu niwaambieje?

Mama Viungo: Wape kazi. Waonyeshe namna ya kuuegemeza ule mkono juu ya mto, na wakae upande uliopooza wanapoongea naye, ageuze shingo kuwatafuta. Kutembea utawaeleza akishaweza kukaa bila kushikwa.