Mtoto akiwa kibonge, lawama zote kwa mama aliyenenepa na mimba?

Jamani hili la kumshushia mama kila kitu mnalionaje? Mtoto akinenepa tu utasikia "mama yake aliongezeka mno na mimba", kesi imeisha. Mi naona ni uonevu. Sibishi kwamba mama akizidisha kilo mtoto naye anakuwa kwenye hatari zaidi, tafiti nyingi zinasema hivyo, ila hao wawili wana jeni za pamoja na wanakula nyumba moja, sasa utajuaje kama ni mimba ndo imefanya? Watafiti wa Marekani mwaka 2013 walichukua watoto wa Arkansas wakalinganisha ndugu wa mama mmoja, mimba hii aliongezeka sana ile kidogo, athari wakaikuta ila ndogo mno, kila kilo moja ya ziada BMI ya mtoto (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) inapanda 0.022. Kwa hiyo kilo 10 nzima ni 0.22, ndo mnamliza mtu kliniki kwa hiyo?

— Dada taratibu, we unahesabu kilo alizoongeza tu, uzito aliokuja nao kabla ya mimba umeuruka na huo ndo mzito zaidi. Kanada walifuatilia kina mama waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, watoto waliozaliwa baada ya upasuaji walikuwa na unene mdogo kuliko ndugu zao wa kabla. Mama yule yule! Halafu kuna sukari ya kwenye damu ya mama, inavuka kondo kwenda kwa mtoto wakati insulini ya mama (homoni inayoshusha sukari) haivuki, kwa hiyo kichanga kinajitengenezea insulini yake nyingi na kuweka mafuta. Tumboni kuna kitu kinatokea, tusijifiche.

— Kaka la sukari nimekubali, apimwe, hilo halina mjadala. Ila ukimkaripia mwenye mimba ya miezi saba unataka afanye nini, ajinyime? Kwenye njaa ya Uholanzi ya 1944–45, wanaume ambao mama zao walikumbwa na njaa mimba ikiwa changa ndo walikutwa na unene zaidi wakifika miaka 19. Hata mwongozo wa Marekani wa 2009 haumwambii mtu apungue, mwenye BMI ya kawaida anaruhusiwa kuongeza kilo 11.5 mpaka 16, mwenye BMI ya 30 kwenda juu, yaani mnene sana, kilo 5 mpaka 9, bado ni kuongeza. Na kama shida kubwa ni uzito wa kabla, kama unavyosema mwenyewe, mbona wanaanza kumsemesha akishabeba mimba?