Tupeane uzoefu: unaifundishaje timu nzima badala ya mchezaji mmoja mmoja?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Morogoro, mpira wa mchangani. Makocha wengi wa mtaani tunashinda tunaita majina: "Namba tatu panda! Kiungo rudi!" Mazoezi yanaisha kila kijana kaambiwa la kwake, la wote halijaguswa. Mimi naamini timu inafundishwa kwenye yale yanayotokea kati ya mtu na mwenzake: beki na kiungo wako mbali kiasi gani, mpira ukipotea nani anakimbilia wapi, nani anamwambia nani.

Naanza mimi. Tulikuwa tunafungwa magoli ya aina moja, tumepoteza mpira katikati, wenzetu wanaondoka. Sikumshika beki yeyote. Niliweka sita kwa sita kwenye nusu uwanja: ukipotea mpira, wote sita wana sekunde tano za kuurudisha, wakishindwa pointi inakwenda upande wa pili. Nina winga mmoja ambaye akinyang'anywa mpira anashika kiuno. Wenzake ndio walioanza kumpigia kelele, "Rudi, bado sekunde!" Nikanyamaza, maana kelele ya mwenzake inamwingia kuliko yangu. Na wakati wa mapumziko nawaacha waongee kwanza, hadi wa benchi, kisha nasema jambo moja tu. Haya, shusheni ya kwenu.

Mwalimu wa netiboli, Dodoma
Kaka, netiboli imetungwa hivyo tangu kwenye sheria. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kati ya saba, GS (mfungaji mkuu) na GA (mfungaji msaidizi). Mpira huwezi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, na huwezi kuurusha uvuke theluthi nzima ya uwanja bila kuguswa na mtu. Sasa niambie, GS mrefu mwenye shabaha atafanya nini kama C (wa katikati) na WA (winga wa mbele) hawasomani?

Timu niliyopewa ilikuwa na binti wa namna hiyo, na shule nzima ilimwangalia yeye. Nikaleta mazoezi mawili. La kwanza, mpira unaanzia kwa GK (mlinzi wa goli) hadi golini kwa wapinzani. Ukidondoka popote, wote saba wanaanza upya. La pili ndilo lililotusaidia zaidi: wanabadilishana bibu, zile fulana zenye herufi za nafasi. GS nikamvisha bibu ya C. Akafika ukingoni mwa duara la kufungia, haruhusiwi kuingia, sekunde zinakwisha, na aliyevaa GS kasimama tu anangoja kuletewa. Alirudi kwenye nafasi yake anahangaika kujiweka wazi mapema. Mimi sikumwambia neno.

Wa kwaya, Mombasa
Sisi tunafundisha kila sauti peke yake mpaka ishike, kisha tunaunganisha. Ila nikishaunganisha nawachanganya: besi asimame katikati ya soprano na alto. Aliyezoea kujificha nyuma ya besi wenzake anajisikia, na anayewafunika wengine naye anajisikia.

Msimamizi wa ghala, Nairobi
Nakubali, lakini msisahau upande wa pili. Ringelmann, Mfaransa, aliwapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Ukisema "timu, timu" kila saa, wapo watakaolala humo ndani. Kwetu wapakiaji wanalipwa bonasi ya pamoja gari likitoka kwa wakati, lakini kila mtu kituo chake kinajulikana. Gari likichelewa tunakaa wote, tunaulizana mzigo ulikwama kati ya kituo gani na kipi. Lawama ya mtu binafsi nampelekea pembeni, kamwe si mbele ya wenzake.

Mdau wa Lubumbashi
Kumbukeni Zambia ya 2012, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ivory Coast walikuwa na Drogba na Yaya Touré, na hawakuruhusu goli hata moja mashindano yote. Chipolopolo, yaani Zambia ya kocha Renard, ikawashika 0-0 ikachukua kombe kwa penalti 8-7. Wachezaji wao Kalaba na Sunzu walikuwa wa klabu yetu ya hapa, TP Mazembe, wanacheza pamoja wiki hadi wiki. Kalaba akakosa penalti, Sunzu akafunga ya mwisho. Watu waliozoeana hivyo huwanunui msimu mmoja.

Mleta mada
Wa ghala, hoja yako ya kamba naichukua. Kwenye sita kwa sita nitampa kila mmoja kazi yake ya zile sekunde tano: wawili wanaukaba mpira, wawili wanaziba njia ya pasi, wawili wanabaki nyuma, halafu wanazunguka. Mwalimu wa Dodoma, ile ya bibu naanza nayo Jumamosi, kipa atacheza mbele. Wenye timu za wavu na kikapu bado hatujawasikia.