Piaget, Vygotsky na hesabu za kutoa Darasa la Tatu

Mwanachuo, Rungwe
Shikamooni walimu. Nipo katika mazoezi ya kufundisha, Darasa la Tatu. Wanafunzi wengi wakipewa 52 − 27 hujibu 35, kwa kuwa kwenye mamoja wanatoa 2 katika 7. Chuoni tulifundishwa kwamba, kwa mujibu wa mwanasaikolojia Piaget, mtoto wa miaka 7 hadi 11 hufikiri vizuri zaidi akiwa na vitu anavyoviona na kuvishika, na kwamba mwanasaikolojia mwingine, Vygotsky, alisisitiza msaada wa anayejua zaidi. Kwenye mtihani niliwatofautisha bila shida, lakini sioni wanabadilisha nini katika andalio langu la somo.

Mkufunzi, Iringa
Marahaba. Anza na kosa lenyewe. Mtoto huyo hakubahatisha. Amejiundia kanuni kwamba ndogo hutolewa katika kubwa, na Piaget alithamini makosa ya namna hii kwa sababu yanaonyesha jinsi mtoto anavyofikiri. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni, kisha mwambie atoe 27. Atalazimika kufungua fungu moja kwa mkono wake, na hapo kanuni yake itapingana na anachokiona. Ubaoni uandike baadaye.

Mwalimu, Mbeya Mjini
Naafiki, ila vijiti bila mazungumzo hugeuka mchezo. Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliona kwamba maneno ambayo mtoto huyatumia kwanza na wenzake ndiyo baadaye humsaidia kufikiri peke yake. Waketishe wawiliwawili waelezane, na wakielezana kwa Kinyakyusa kabla ya kukujibu kwa Kiswahili, usiwakatishe. Kisha punguza msaada hatua kwa hatua. (Wengi humhesabia Vygotsky wazo hili la mwisho, ingawa waliolieleza kwa jina la “scaffolding”, yaani jukwaa la muda la kujengea, ni watafiti Wood, Bruner na Ross, mwaka 1976.)

Mwanachuo, Rungwe
Nashukuru. Na makofi kwa anayepata, kwa kumfuata Skinner, mwanasaikolojia wa mambo ya tuzo, niyaache?

Mkufunzi, Iringa
Hapana, ila angalia unachokituza, maana tendo linalotuzwa ndilo hurudiwa: ukipigia makofi jibu la haraka, utavuna haraka. Apigiwe aliyeeleza njia yake. Katika tathmini weka 61 − 34. Atakayejibu 33 bado anashikilia kanuni ile ile, naye arudi kwenye vijiti.