Naomba ushauri: MS (multiple sclerosis, kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo) ya mke wangu, miaka ya mbele nipange vipi?

Habari zenu wakuu. Mke wangu ana miaka 31. Mwaka jana jicho la kushoto liliingia ukungu, rangi nyekundu akawa anaiona kama imepauka. Likarudi vizuri tu. Miezi saba baadaye miguu ikafa ganzi. Ndala inamchomoka njiani, yeye anaendelea kutembea bila habari. Picha ya MRI ikaonyesha makovu kwenye ubongo na moja kwenye uti wa mgongo. Jibu: MS, ile ya kuja na kuondoka, ambayo wengi huanza nayo.

Daktari anasema hakuna wa kututabiria miaka 20 ijayo. Hilo kovu la uti wa mgongo halijampendeza, ila umri mdogo, kuanza na jicho na kupona vizuri baada ya shambulio la kwanza ni dalili njema. Sigara aache, maana zinaharakisha ulemavu (kumbe alikuwa anavuta kwa kujificha, nimelijua hospitalini!). Kipimo chao cha ulemavu kinakwenda 0 hadi 10. Yeye yuko 1.5, ukifika 6 unahitaji fimbo kutembea mita 100.

Mliokaa na ugonjwa huu miaka 10 na zaidi: mlianza na dawa kali mapema, au mlipanda taratibu? Miaka miwili ya mwanzo ilifanana na iliyofuata? Na tulitaka kuhamia ghorofa ya tatu, haina lifti. Tuache? Hili la mwisho hataki hata nilitaje.