Naomba ushauri: mabanda ya wageni Ushongo bila kuua ufukwe na kasa

Bintipwani:
Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko. Naombeni ushauri hasa mafundi, wachora ramani na wale mnaojua mambo ya mazingira. Familia yetu ina shamba la minazi Ushongo, Pangani, linaanzia barabarani mpaka ufukweni kabisa, babu ndo alipanda. Tumekubaliana na ndugu tujenge mabanda manne ya wageni maana watu wanakuja sana kwenda kisiwa cha Maziwe na hela wanaacha kwa wengine. Shida ni ramani. Kaka yangu mkubwa kaleta fundi wake kachora ghorofa moja liko mbele kabisa ya bahari, miti yote ya mivinje inakatwa ili wageni waone maji, halafu mbele ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi na taa kubwa juu ya nguzo.

Mimi moyo umegoma. Ule ufukwe kasa wanapanda kutaga, na hata mayai yanayookolewa Maziwe yanaletwa kufukiwa huku kwetu kwa sababu kule maji yanafunika viota. Maziwe wazee wetu waliijua ina msitu wa mivinje, miti ikaisha, leo ni fungu la mchanga tu na bamvua (siku za maji makubwa) likijaa huoni kitu. Kimetangazwa hifadhi mwaka 1981 wakati kisiwa chenyewe kinaondoka. Sasa nikate mivinje yangu kwa mkono wangu mwenyewe? Kaka anasema sawa, nilete mbadala kwenye karatasi, siyo maneno. Kwa hiyo nirudi nyuma kiasi gani, niezeke nini, vyoo nifanyeje kwenye ule mchanga, na taa je? Bajeti ni ya kawaida. Asanteni.

Fundi Mselem:
Dada yangu, huyo fundi mwambie aanze na sheria kabla hajaanza na msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na usipime toka maji yalipo siku hiyo, watu wengi hapo ndo wanapochezewa, unaenda wakati wa maji mafu, siku bahari haipandi sana, unaona eneo kubwaa unapiga kigingi, bamvua likija maji yako sebuleni. Nenda siku ya bamvua kubwa, angalia ule mstari wa mwani na vijiti ulipoishia, hapo ndo unaanza kuhesabu.

Ule ukuta nao achana nao kabisa. Wimbi likipiga ukuta linarudi na nguvu linachota mchanga wa miguuni pa ukuta, mwisho ukuta unabaki umesimama na ufukwe haupo, halafu pale ukuta unapoishia bahari inakula kwa jirani. Na kasa hapandi ukuta, akigonga anarudi majini. Nendeni mkaone Kunduchi, mchanga ulichimbwa kwenye mito inayolisha ule ufukwe, bahari ikaanza kula, na kuweka makinga ya mawe hakujarudisha ufukwe uliokuwepo. Kinachoshika mchanga wako ni mivinje na yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau. Usiyafyeke hata kama mgeni anasema ni magugu.

Mtaji_Kwanza:
Naheshimu mchango wa mkuu hapo juu ila tuongee hela pia. Makuti kila baada ya miaka kadhaa unaezeka upya, moto ukitokea banda moja yote yameondoka, na mgeni wa leo anataka AC. Kaka yake anafikiria biashara, tusimuone mbaya. Bati na tofali ni kitu cha kudumu.

Mchoraji wa Muheza:
Mtaji hoja ya moto ni ya kweli kabisa, ndo maana mabanda yasibanane, yaache nafasi ya kutosha katikati na jiko likae mbali upande ambao upepo hauleti cheche. Ila kudumu kwa bati ufukweni hapana, chumvi inalila, na mchana chumba kinakuwa moto ndo maana unalazimika kununua AC. Ile AC ni gharama ya ramani mbaya.

Bintipwani, pwani yako inatazama mashariki. Laza banda lirefuke mashariki kwenda magharibi ili kuta fupi ndo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Upande wa kaskazini na kusini weka madirisha makubwa yanayotazamana, kaskazi ikivuma inaingia huku inatokea huku, kusi nayo hivyohivyo kinyume chake. Paa liwe kali la makuti, lishuke chini lifunike baraza. Urefu usipite minazi, mtu akiwa baharini kwenye ngalawa aone shamba, asione majengo.

Sakafu inyanyue juu ya nguzo, usimwage jamvi la zege, mchanga upite chini na mizizi ya minazi ipumue. Nguzo tumia mikaratusi iliyotiwa dawa kama zile za umeme. Boriti za mikoko usinunue kwa mtu wa usiku, mikoko ndo inalea samaki wa hao hao jirani zako. Zege la kushikia nguzo tumia mchanga wa mto ulioruhusiwa, ule wa ufukweni una chumvi inakula nondo.

Kama kaka anataka mfano wa biashara mpeleke Chumbe, Unguja. Kisiwa hakina maji ya chini kabisa, wamejenga mabanda saba tu, mvua inakingwa kwenye paa inachujwa inahifadhiwa chini ya sakafu, umeme wa jua, vyoo havitumii maji. Mwaka 2000 walipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Na wageni wanalipa vizuri tu kulala pale bila AC.

MamaZai:
Taa ndo nisikilize mimi maana nimeshakaa na wale vijana wanaolinda viota. Kasa mama akiona mwanga mkali anageuza anarudi bila kutaga. Watoto wakitoka usiku wanafuata sehemu yenye mwanga zaidi, kwa asili ni bahari, ukiweka taa ya nguzo wanapanda shambani, asubuhi unawakuta wamekauka kwenye majani au kunguru kawamaliza. Kwa hiyo taa ziwe chini, usawa wa goti, zimefunikwa juu, balbu za rangi ya chungwa iliyoiva au nyekundu, na upande wa bahari zisiwepo. Mapazia mazito. Hapo mivinje inakusaidia mara mbili, inazuia mwanga wa nyumba usifike mchangani. Mgeni ataona bahari katikati ya mashina, inatosha.

Na viti vya kulalia jioni viondolewe ufukweni, kasa anakwama.

Bintipwani:
Mungu awabariki jamani, naandika yote. Mchoraji hujagusa choo, na maji je? Kaka anataka kisima kirefu na pampu.

Mchoraji wa Muheza:
Pampu kubwa karibu na bahari inavuta chumvi iingie kwenye kisima chenu na vya majirani. Kinga mvua kwanza, kisima kiwe cha kujazia tu na ukivute kidogokidogo. Na kwa makuti maji ya mwanzo wa mvua yamwage, yana uchafu.

Choo, shimo la kawaida kwenye ule mchanga uchafu unashuka moja kwa moja mpaka matumbaweni na mwani unaota juu yake. Jenga choo kikavu chenye vyumba viwili chini, kimoja kinatumika kingine kimepumzika mpaka kigeuke mboji. Baada ya haja mgeni anamwaga kopo la maranda ya mbao. Bomba la hewa lipake rangi nyeusi lipande juu ya paa upande wa jua, likipata joto linavuta harufu juu na chooni hunusi kitu. Maji ya bafu peleka kwenye kitalu cha kokoto chenye migomba.

Mtaji_Kwanza:
Hili la choo sikulijua, nimeelewa. Ila mabanda manne kwa pamoja ni mtaji mkubwa dada, anza na mawili uone.

Fundi Mselem:
Naunga mkono mawili. Na kabla hujalipa fundi hata shilingi, nenda halmashauri na NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, uulize mradi wako unahitaji tathmini ya kiwango gani.

Bintipwani:
Sawa, mawili. Bamvua lijalo namchukua kaka twende na kamba na vigingi. Mwenye kujua anayesuka makuti mazuri ya Pangani, yale yaliyobanana, anicheki inbox na bei ya mia.