Kuungama kwa Kigiriki ni "homologeo": lazima nimwambie mtu, au Mungu anatosha?

Mtu wa Nkuhungu: Wapendwa, shalom. Naombeni ushauri, usingizi sipati. Jumapili mwalimu wa Neno alitufundisha 1 Yohana 1:9, akasema kitenzi cha kuungama pale ni homologeo: homos ni sawa, lego ni kusema. Yaani unasema lile lile analolisema Mungu juu ya dhambi yako. Sasa kama nimeshakubaliana na Mungu usiku chumbani, kwa mchungaji nifuate nini tena? Wajuzi wa Kigiriki naombeni mnisaidie.

Shemasi Mstaafu: Mwanangu, usichague mstari mmoja. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane sisi kwa sisi, na pale neno ni eksomologeo. Hiyo eks ya mbele ni "nje", litoke. Ndilo la Mathayo 3:6, watu walipobatizwa Yordani, na pale hapakuwa chumbani. Umefanya nini?

Mtu wa Nkuhungu: Shikamoo mzee wangu. Si jambo kubwa, najifunza tu.

Kipilipili: Kujifunza ndiko kunakokukosesha usingizi? Funguka bwana.

Mama Neema: Sisi Wakatoliki tuna kitubio, unamaliza unatoka mwepesi. Ila kuna siku padre alikuwa anasinzia, nikagonga kile kidirisha, akaniambia nianze upya. Dhambi zote! Na nyuma kuna foleni.

Mtu wa Nkuhungu: Haya. Mimi ni mweka hazina wa kwaya. Kuna hela ya kinanda, milioni moja na laki nane. Sikuiba, niliiazima, nikaiweka kwenye shamba la zabibu Hombolo. Itarudi kabla kamati haijakaa. Nikisema sasa hivi kwaya itavunjika bure, na wenyewe wako kwenye maandalizi ya mashindano. Kwa hiyo nilishaona nibaki na Mungu tu, nataka uhakika wa Maandiko.

Kijana wa Msalato: Umetaka Kigiriki, pokea chote. Luka 22:6, Yuda anapokubali fedha za wakuu wa makuhani, kitenzi ni hicho hicho, eksomologeo. Na Yohana 12:6 inasema mfuko alikuwa anaushika yeye.

Kipilipili: 😂😂 Mweka hazina kwa mweka hazina.

Boda wa Sabasaba: Zakayo alirudisha mara nne, Luka 19:8. Kwako hiyo ni milioni saba na laki mbili, kaka.

Mkulima Mpunguzi: Wakuu, hii chai. Kamati inakaa lini?

Mtu wa Nkuhungu: Mwezi wa tano mwishoni.

Mkulima Mpunguzi: Zabibu Dodoma tunavuna wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa. Mwezi wa tano utauza majani? Mnamjibu mtu aliyetunga hadithi akiwa Dar.

Mama Neema: Kumbe! Na mimi nimeshamwombea.

Mtu wa Nkuhungu: Nani kasema navuna mwezi wa tano? Nilivuna Machi. Mnunuzi alibeba mzigo, kila nikipiga anasema "wiki ijayo".

Mkulima Mpunguzi: Hapo nimekuamini. Wangu namdai tangu msimu uliopita, siku hizi hata simu hapokei. Umepanda mbegu gani?

Shemasi Mstaafu: Vijana, tulikuwa kwenye Yakobo.

Mtu wa Nkuhungu: Makutupora nyekundu, mkuu. Nicheki pembeni, kama una mnunuzi wa taslimu nitashukuru.