Spika za kuzuia maji kwenye boda zinakufa mvua ikinyesha, nakosea wapi?

boda_wa_mlimani: Wakuu habari za saizi. Mimi ni boda napiga ruti ya Muheza kupanda Amani, wanaoijua ile barabara wanajua, ni tope tu na huku juu mvua haisubiri masika. Nilifunga redio ya spika mbili kwenye usukani, boksi limeandikwa IPX7, muuzaji akaniapia haiingii maji. Miezi mitatu haijaisha ya kushoto inakoroma kama ina mchanga, ya kulia kimya kabisa, na asubuhi betri hoi napiga kiki mpaka jasho. Safari ni ndefu na abiria wangu wanapenda taarabu, wengine mpira, sitaki kuitoa. Ninunue ya bei kubwa au?

fundi_waya: Pole mkuu. Kabla hujanunua, pikipiki unaosha na nini? Kama ni mashine ya presha hapo ndo umeziua. Hiyo 7 maana yake kifaa kilizamishwa kwenye maji yaliyotulia, mita 1, dakika 30, basi. Maji ya kurushwa kwa nguvu ni kipimo kingine, ni 5 na 6, na kitu kikifaulu 7 haina maana kimefaulu 6. Halafu hiyo X ni kwamba vumbi halijatajwa. Ukinunua tafuta iliyoandikwa IP66, 6 ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji ya kurushwa.

boda_wa_mlimani: Duh, kila Jumapili napiga presha. Na ile ya kushoto nimeifungua nimekuta tope jekundu limeganda ndani.

tyubu_na_solda: Presha sawa ila angalia na waya kaka. Redio inapigwa na jua inapata moto, ghafla mvua ya baridi inashuka, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote, na upenyo mkubwa ni pale waya unapoingilia. Waya wako uuache uning'inie chini kidogo kama tumbo kabla haujapanda kuingia kwenye redio, maji yatadondokea hapo. Maungio usisokote ukafunga soltepu, piga solda, paka silikoni, halafu vesha kipande cha tyubu ya baiskeli. Na spika zigeuze ziangalie chini kidogo maji yasitulie usoni.

Kuhusu betri, nadhani wamekuungia moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo hata ukizima swichi redio inakula usiku kucha. Weka rilei (kiswichi kinachojiwasha kwa umeme) inayowashwa na swichi ya funguo, na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Betri ya 12V 5Ah redio ikivuta ampea 2 na injini imezimwa unaimaliza kwa masaa mawili na nusu, ikiwa mpya hiyo.

mama_wa_gulioni: Mimi ni abiria wa kila siku, naomba niseme. Muziki naupenda ila kwenye zile kona punguzeni jamani, lori la mbao linashuka linapiga honi dereva hasikii, nilishawahi kuisikia mimi wa nyuma ndo nikampiga bega.

boda_wa_mlimani: Nimekusikia mama, kwenye kona nitakuwa nazima kabisa. Wakuu leo nimekata ule waya wa kulia, shaba ndani ya plastiki imekuwa kijani karibu nusu futi. Spika yenyewe nimeipima kwa betri ndogo, inalia.